Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya filamu na waandaaji wa matamasha: ziachieni filamu za wanafunzi zitoke

Shikamooni wakuu. Nawaandikia nyie mnaoendesha vyuo vya filamu, wakuu wa idara, walimu mnaosimamia kazi za mwisho, na nyie pia mnaoandaa matamasha ya filamu fupi, maana hili jambo linawagusa wote hata kama kila mmoja anadhani ni la mwenzake. Mimi ni edita. Nilipita chuo cha filamu kama hawa vijana, na siku hizi msimu wa kukabidhi kazi ukifika wananiletea filamu zao niwasaidie sauti na rangi kabla ya dedilaini, kwa hiyo nakaa nao sana, mara nyingi usiku, kompyuta inarenda, yaani inatoa faili la mwisho la filamu, na hakuna cha kufanya zaidi ya kuongea. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye maongezi hayo. Kubwa ninalotaka kusema ni kwamba filamu ya kwanza ya mwanafunzi haiishi siku anayopewa maksi, inaisha siku imeonwa na watu wasiomjua, na hiyo nusu ya pili ya kazi vyuo vingi mmeitelekeza na wengine hata mnaizuia.

Mnajua wenyewe inavyokwenda. Mwanafunzi anaandika skripti, inakataliwa, anaandika tena, inakataliwa tena, inapita. Anatafuta lokesheni, anawabembeleza waigizaji waje bila malipo, anakopa taa huku na maiki kule, anashuti wikiendi kwa sababu katikati ya wiki kamera iko na darasa lingine, betri zinaisha, mvua inanyesha siku ya sini ya nje, anaediti mpaka hawezi tena kujua kama kile kichekesho chake kinachekesha. Anakabidhi. Walimu wachache wanakaa chumbani wanaangalia, wanaandika maoni, wanatoa maksi, faili linaingia kwenye hadidiski inayokaa kabatini ofisini, basi. Akiuliza kama anaruhusiwa kuiweka mtandaoni anaambiwa asubiri, akiuliza kama anaweza kuipeleka tamasha anaambiwa kuna ofisi inashughulikia, akienda hiyo ofisi anaambiwa anayejua mambo hayo hayupo wiki hii. Mwaka unakatika. Huku nyuma wale waigizaji waliojitolea wanampigia simu, ile kazi yetu imeishia wapi, na yeye hana jibu, na akiwaomba tena safari nyingine hawaji. Hili la mwisho nadhani huko ofisini hamlioni kabisa, kwamba kila filamu inayofungiwa kabatini inamfanya kijana aonekane mwongo mbele ya watu waliomwamini.

Sisemi kila filamu ya mwanafunzi ni nzuri. Naziona nyingi, nyingine zina upepo kwenye sauti mwanzo mpaka mwisho, nyingine zina sini ya dakika nne ya mtu anatembea tu kwa sababu muongozaji aliipenda ile picha na hakuna aliyethubutu kumwambia akate. Lakini makosa kama hayo maoni ya mwalimu peke yake hayayamalizi. Mwalimu ameisoma skripti, amekaa kwenye vikao, anajua mhusika ni nani na kwa nini analia, kwa hiyo hata pale filamu inaposhindwa kusema yeye anaelewa tu. Mtu baki hajui kitu. Akipotea amepotea, akichukua simu yake dakika ya sita ujue dakika ya sita ina shida, na ukikaa nyuma ukumbini ukaangalia watu wanavyotulia na wanavyoanza kuhangaika kwenye viti unajifunza kuediti kwa robo saa kuliko nilivyojifunza mimi muhula mzima.

Na hili mbona nyie wenyewe ndo mlitufundisha. Kila mwanafunzi wa filamu anasimuliwa habari za Lev Kuleshov, muongozaji na mwalimu wa filamu wa Urusi. Chuo cha filamu cha Moscow kilianza 1919, nchi iko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mikanda ya kushutia ni adimu, kwa hiyo Kuleshov na vijana wake wakawa wanaigiza filamu bila mkanda wowote, na wanachukua filamu za watu wengine wanazikata na kuziunga upya ili wajifunze. Pudovkin, aliyekuwa kwenye kundi lile, alisimulia jaribio ambalo mpaka leo linafundishwa kila mahali: sura ileile moja ya mwigizaji, imetulia tu haina hisia yoyote, ikaungwa na bakuli la supu, halafu na jeneza, halafu na mtoto anayecheza, na watazamaji wakamsifia jamaa jinsi alivyoigiza, mawazo yake mbele ya supu, huzuni yake, furaha yake. Tunalifundisha kama somo la kuunga picha na ni sawa, ila angalieni lilivyokaa. Waliofanya lile jaribio likawa jaribio ni watazamaji, watu ambao hawakuambiwa kitu. Bila wao kuna vipande vya mkanda tu mezani. Sasa inakuwaje miaka mia na zaidi baadaye chuo kinafundisha Kuleshov asubuhi halafu mchana kinafungia filamu za wanafunzi wake zisionwe na watu?

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni maonyesho, na sio yale ya siku ya mahafali peke yake. Yale nayapenda, wazazi wamekuja, ndugu wamejaa, kila kitu kinapigiwa makofi hata majina ya mwisho, na kijana anastahili siku kama ile. Ila pale hajifunzi kitu. Wekeni onyesho wakati filamu bado inaeditiwa, rangi bado, muziki wa kuazima, sini mbili bado zinagombana nani atangulie, halafu iteni watu ambao hawasomi filamu, wanafunzi wa fani nyingine, wafanyakazi wa usafi na walinzi wa chuo chenu, majirani, yeyote. Muongozaji akae kimya kabisa, asieleze, asijitetee. Watu waulizwe maswali ya kawaida tu, ulichoka wapi, nini hukuelewa, unadhani yule mama alikuwa anataka nini. Nimeona vijana wakitoka kwenye kikao kama hicho wamenuna, kesho yake wanakuja wamekata dakika tatu na filamu imepona. Gharama yake ni chumba, projekta na spika zinazosikika vizuri. Spika nasisitiza, watu wanavumilia picha yenye giza lakini sauti mbovu hawaivumilii, na bado ndo kitu cha mwisho kununuliwa kwenye vyuo vingi.

Wanafunzi waone kazi za vyuo vingine pia, na vyuo vingine vione zao. George Lucas, yule aliyekuja kutengeneza Star Wars, akiwa chuoni alitengeneza filamu fupi mwaka 1967, ya kubuni maisha ya baadaye, kwa vifaa alivyoweza kupata. Ilionyeshwa pamoja na filamu za wanafunzi wengine, na mmoja wa walioiona ni Steven Spielberg, ambaye hakuwa mwanafunzi wa chuo kile, wakafahamiana kuanzia hapo, na mwaka 1971 wazo la ile filamu fupi likawa filamu ndefu ya kwanza ya Lucas. Najua mtaniambia hao ni wawili kati ya maelfu na wengi hawafiki huko, na ni kweli hawafiki. Ninachokitazama pale ni kitu kidogo zaidi, kwamba kijana mmoja alikaa gizani akaona kazi ya kijana mwenzake wa chuo kingine. Hilo linawezekana popote penye vyuo viwili vinavyoongea.

Tuje kwenye haki, maana hapa ndo pana moto.

Wiki ya kwanza chuoni mwanafunzi anapewa rundo la fomu, ya bima, ya maktaba, ya kanuni za vifaa, na katikati humo kuna ukurasa unaosema kazi yoyote itakayotengenezwa kwa vifaa vya chuo ni mali ya chuo. Anasaini. Nani asome yote siku ile, na hata akisoma afanye nini, akatae aondoke? Miaka inapita anakuja kugundua kwamba filamu aliyoiandika, akaiongoza, akailipia nauli za watu kwa hela yake, hawezi kuituma popote bila ruhusa, na ruhusa yenyewe hakuna anayejua inaombwaje. Nilipokuwa chuo nilimuuliza mkuu mmoja kwa nini iko hivyo, akanijibu kwamba kamera ni yetu. Nimelifikiria sana jibu lile. Kamera ni ya chuo, kweli, na chuo kinahitaji kulindwa, kuna mwanafunzi anaweza kutumia jina la chuo kwenye kitu cha kumdhalilisha mtu, kuna kesi zinaweza kuja, naelewa vizuri. Ila mwenye kamera na mwenye filamu sio mtu mmoja, na walimu wa sheria walioko vyuoni kwenu wanalijua hilo kuliko mimi.

Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa ni wa mwaka 1886, na mwaka 1928 ukaongezewa kifungu kinachosema mtunzi anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna itakayomvunjia heshima, hata kama haki za kibiashara ameshazitoa kwa mwingine. Nchi nyingi sana duniani zimeusaini. Yaani hata pale mnaposhika hakimiliki yote, yule kijana bado ana kitu chake humo ndani, na kumwambia hana chochote ni kumdanganya. Ninachoomba ni hiki. Hakimiliki ibaki kwa wanafunzi waliotengeneza, chuo kipate ruhusa ya kudumu ya kuonyesha filamu darasani, kuitumia kujitangaza na kuihifadhi. Mkiona kuna haja ya chuo kupitia filamu kabla haijatoka, pitieni, lakini wekeni muda, wiki mbili, na zikipita bila jibu ihesabike imeruhusiwa. Na kama mnaikataa andikeni sababu. Mwanafunzi anaweza kukubali kukataliwa, nimewaona wanakubali wakieleweshwa. Kinachowaua moyo ni ile subiri subiri.

Na mnapoandika waliotengeneza, andikeni wote. Filamu za chuo zinatengenezwa kwa kubadilishana, leo wewe muongozaji mimi nashika maiki, wiki ijayo mimi muongozaji wewe unabeba stendi za taa, halafu kwenye maksi na kwenye fomu za tamasha linaonekana jina moja tu. Mwaka 1983 muongozaji Spike Lee alishinda tuzo ya wanafunzi ya Academy ya Marekani, hao hao wanaotoa Oscar, kwa filamu yake ya kumaliza chuo, na kwenye kikosi kilichoitengeneza alikuwemo mwanafunzi mwenzake anaitwa Ang Lee, ambaye baadaye alikuja kupata Oscar ya uongozaji mara mbili. Alikuwa ni mmoja wa wale wanaobeba kazi ya mwenzao. Kwa hiyo naomba orodha ya majina ikaguliwe kabla ya maksi kutolewa, kila aliyefanya kazi awemo, jina limeandikwa sawasawa, na kila mmoja apewe nakala ya filamu. Nakala ya filamu tu jamani. Kuna watu wa sauti niliosoma nao ambao mpaka leo hawana hata klipu moja ya kazi walizofanya chuo, na walipokuwa wanaomba kazi hawakuwa na cha kuonyesha.

Sasa muziki. Hapa nina maneno makali kidogo lakini nayasema kwa upendo, kwa sababu hiki ndo kitu kinachoua filamu nyingi za wanafunzi kuliko vyote, na kinaua kimyakimya. Kijana anaediti, anaweka wimbo maarufu kwenye sini ya mwisho, sini inapaa, walimu wanaona, wanasifia, wanatoa maksi nzuri, hakuna anayeuliza huo wimbo ni wa nani. Siku anataka kuipeleka nje tamasha linamuuliza leseni iko wapi, au anaipandisha mtandaoni inazimwa sauti dakika hiyohiyo. Na kuondoa wimbo saa hiyo ni ngumu mno, picha zimekatwa kufuata mapigo yake, ukiutoa filamu inaanguka, mimi ndo naletewa niinue na mara nyingi siwezi. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe, na wenye hizo haki mara nyingi ni watu tofauti, kwa hiyo unatakiwa uwaombe wote. Hili linafundishika ndani ya saa moja. Kwa nini linakuja kujulikana baada ya kuhitimu?

Muongozaji Mmarekani Charles Burnett alitengeneza filamu ya Killer of Sheep kama kazi yake ya kumaliza shahada ya uzamili UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles. Aliishuti zaidi wikiendi miaka ya sabini, mtaani Watts, Los Angeles, waigizaji wengi ni watu wa mtaa ule, bajeti haikufika dola 10,000, akaikabidhi 1977. Ilipata tuzo ya wakosoaji wa filamu kwenye tamasha la Berlin 1981. Mwaka 1990 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazotakiwa kuhifadhiwa. Na pamoja na yote hayo haikuwahi kutoka rasmi kwenye majumba ya sinema, kwa sababu nyimbo zilizomo hazikuwa zimeombewa haki. Ilitoka 2007. Miaka thelathini. Na haki za muziki zilipokuja kulipiwa ziligharimu dola 150,000, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya hela iliyotengeneza filamu nzima. Ile ni moja ya filamu bora kabisa ambazo mwanafunzi yeyote amewahi kutengeneza, na kizazi kizima kilikua bila kuiona isipokuwa wachache waliobahatika kuikuta kwenye makumbusho au tamasha. Mimi nikiifikiria naumia, na siumii kwa Burnett peke yake maana yeye angalau alikuja kupatiwa dawa. Naumia kwa zile ambazo hakuna aliyekuja na dola 150,000.

Dawa yake mnayo nyie. Fomu ya muziki iwe sehemu ya kukabidhi kazi kama ilivyo skripti, kila wimbo na leseni yake, na kama haipo filamu isipokelewe. Wanafunzi watalalamika mwaka wa kwanza kisha watazoea. Na kama chuo chenu kiko jirani na chuo cha muziki, au kina idara ya muziki ng'ambo ya korido, waunganisheni hao vijana, kuna wanaotunga vizuri sana na wanatafuta filamu ya kutungia, wanaishi jengo moja hawajuani. Fomu za ridhaa za waigizaji na wenye nyumba zilizotumika nazo ziende hivyohivyo, zisainiwe siku ya kushuti, maana mwaka mmoja baadaye hupati mtu. Kwa filamu za kumbukumbu za watu halisi hapo msiwe na haraka. Mtu aliyekubali kurekodiwa kwa ajili ya darasa hajakubali kuonwa na dunia nzima, aulizwe tena, aione filamu kwanza, na akikataa mwanafunzi amheshimu hata kama filamu itabaki chuoni. Hii ndo aina pekee ya kufungia filamu ninayoikubali.

Jambo lingine ni urefu, na hapa nazungumza na walimu. Acheni sharti la kwamba filamu ya mwisho isipungue dakika 25. Najua mnataka kupima uwezo wa kubeba hadithi, lakini Oscar wenyewe wanahesabu filamu fupi ni mpaka dakika 40 na majina yakiwemo, hawajaweka kiwango cha chini kwamba lazima ufike hapa ndo uwe mtu mzima. Mpangaji wa tamasha ana nafasi ya kama saa moja na nusu kwa kundi moja la filamu fupi, ukimpelekea ya dakika 28 inakula nafasi ya filamu tatu, kwa hiyo inabidi iwe nzuri kuliko hizo tatu zikijumlishwa. Na nyingi za dakika 28 ninazoletewa ni dakika 14 zilizovutwa ili zitimize sharti. Mwanafunzi anajua, mimi najua, na nadhani mwalimu naye anajua.

Nyie wa matamasha sijawasahau. Mnatusaidia sana na nashukuru, bila nyie hizi filamu zisingekuwa na pa kwenda. Cannes wana kitengo chao cha filamu za vyuo tangu 1998, siku hizi wanachukua kazi chini ya 20 kwa mwaka kutoka vyuo vya dunia nzima, FESPACO, lile tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, wanawapa wanafunzi nafasi yao, na matamasha madogo kibao yanafanya kazi nzuri ambayo haitangazwi. Ila kuna mambo matatu manne yananikera. Ada ya kutuma filamu, mwanafunzi akituma matamasha kumi na tano anaweza kulipa hela nyingi kuliko aliyotumia kushuti, na karibu yote anakataliwa, wasameheni au wawekeeni kiwango cha mwanafunzi kweli, sio punguzo la jina. Halafu hili sharti la kwamba filamu isiwe imeonekana popote. Kwa filamu ndefu yenye msambazaji naelewa, lakini kwa filamu ya dakika kumi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili linamfanya aifiche kazi yake mwaka mzima akisubiri tamasha kubwa ambalo halitamchukua, marafiki zake hawajaiona, waigizaji hawajaiona, na yeye mwenyewe keshaichoka. Kama hamna sharti hilo liandikeni wazi kwenye tangazo kwamba iliyoko mtandaoni inakubalika, kwa sababu vijana wanaogopa tu wakidhani kila tamasha linalo. Na waliokosa wajibuni. Hata mstari mmoja. Kijana anafungua imeili kila asubuhi miezi minne.

Mkimpa nafasi basi mpeni na dakika za kuongea na watu baada ya filamu, na kama hawezi kusafiri aongee kwa video. Nimeona filamu za wanafunzi zikiwekwa asubuhi siku ya kwanza wakati hata wageni hawajafika, ukumbi mtupu, kisha kwenye ripoti inaandikwa tamasha limeonyesha kazi za vijana. Wawekeni katikati ya filamu za wakubwa, kabla ya filamu ndefu ya jioni, watu wameshakaa kwenye viti. Watazamaji hawatakasirika kwa dakika nane.

La kuhifadhi nitalisema kwa kifupi lakini msilipuuze. Ile hadidiski ya kabatini itakufa, zote zinakufa, na ikifa inakufa na miaka yote iliyomo. Mwaka 2011 hazina ya filamu ya UCLA ilionyesha kwa pamoja kazi za wale vijana weusi waliosoma pale kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, kina Burnett, Haile Gerima, Julie Dash na wenzao, na nyingi ya kazi zile zilikuwa filamu za chuo. Ilibidi zitafutwe, zisafishwe, zitengenezwe upya. Waliwahi. Nyie mna nafasi ya kufanya kirahisi kuliko wao kwa sababu bado mnajua kila mwanafunzi wenu anapatikana wapi. Wekeni nakala zaidi ya moja, moja ikae nje ya jengo, faili lenye ubora kamili bila maandishi ya tafsiri yaliyochomewa juu ya picha, na sauti za maongezi zitenganishwe na muziki na milio ili mtu wa lugha nyingine akitaka kuitafsiri aweze. Na kila miaka michache mtu afungue aone kama bado zinacheza.

Najua pia kuna hofu ambayo hamuisemi kwenye vikao, kwamba filamu mbovu ikitoka na jina la chuo itawaaibisha. Naichukulia kwa uzito maana nawajua walimu wanaojali jina la chuo kwa sababu wamelijenga wenyewe. Lakini anayeangalia filamu ya kwanza ya mwanafunzi anajua anaangalia ya kwanza, na kama mnaona haifikii kiwango waruhusuni waitoe bila nembo ya chuo. Kijana akishaona watu wameipokea vibaya atatengeneza ya pili vizuri zaidi, na akiona wameipenda atatengeneza ya pili haraka zaidi, vyovyote vile anatengeneza ya pili. Wale ambao ya kwanza yao haikutoka kabisa, wengi ninaowajua waliacha. Wanafanya kazi nyingine nzuri tu, wanalea familia zao, ila ukiwauliza habari za filamu wanabadilisha mada. Na walikuwa na vipaji, wengine kunizidi mimi niliyebaki.

Ninachowaomba hasa kwa sasa, kabla ya hayo mengine yote yanayohitaji bajeti na vikao, ni ukurasa mmoja. Muuandike kwa lugha ambayo mtu wa miaka kumi na tisa anaielewa, aupewe kabla hajalipa ada ya kwanza: filamu yako ni ya nani, unaruhusiwa kuitoa lini, unamuomba nani, anatakiwa akujibu ndani ya siku ngapi, na nakala yake inakaa wapi. Wanafunzi wapya wanaingia muda si mrefu na fomu zao bado hazijachapishwa. Chuo chochote kitakachotaka mtu wa kukaa naye kuuandika, nakuja, bila malipo, na nitakuja na vijana wawili watatu ambao filamu zao ziko kabatini hivi sasa wawaeleze wenyewe.